Uvira: Mashine itajuaje kama ni Mulongwe mto ao Mulongwe mtaa?

Akili bandia imeanza kutumwa kazi: kutafuta takwimu mu programu zingine, kujaza fomu, hata kulipa feza. Inafanya hivyo kwa kufuata maelezo mafupi yaliyoandikwa na watu. Mu mji kama Uvira, kwenye jina moja linabeba vitu vitatu na « franka » ni ya inchi mbili, maelezo yakiandikwa vibaya, hasara itaangukia mkaaji.

Mu Uvira mtu akisema kwamba maji yameingia Mulongwe, jirani yake haraka anaelewa. Anajua kama mvua imenyesha juu ya milima, anaona mtu anatoka upande gani, na kama ana mashaka anauliza: « Mto ao mtaa? » Programu ya kompyuta haina macho hayo wala jirani huyo. Inajua tu kile ambacho mtu aliiandikia.

Jambo hili linaonekana dogo, kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao. Lakini jibu lake litaamua kama feza ya mama muuza ndagala itafika kwenye inapaswa kufika, na kama dawa ya kusafisha maji itapelekwa kwenye kolera iko kweli.

Kutoka kujibu hadi kutenda

ChatGPT ilipotoka mu mwezi wa Novemba 2022, watu waliizoea kama kitu cha kuuliza na kujibu. Mwanafunzi anauliza, mashine inaandika. Ikikosea, msomaji anaweza kucheka na kuendelea na yake.

Mu mwezi wa Juni 2023, OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliwapa watengeneza programu namna ya kuiambia mashine: « Kuna vyombo hivi na vile, ukiona kimoja kinafaa, omba kukitumia. » Novemba 2024, kampuni ingine ya Marekani, Anthropic, ikatoa kanuni ya wazi inayoitwa MCP, ili mashine za makampuni mbalimbali ziunganishwe na vyombo kwa namna moja. Tangu hapo mashine haikai tena kwa kujibu tu. Inatumwa. Kwa hiyo wengine wanaiita wakala ao mjumbe.

Mjumbe huyo anaingilia wapi? Programu nyingi kubwa ziko na mlango wa nyuma unaoitwa API. Mtu hapiti hapo. Programu ingine ndiyo inabisha hodi, inaomba kitu, inapewa jibu. Mfano wa karibu uko Kenya: mwaka wa 2017, kampuni ya Safaricom ilifungua mlango wa M-Pesa kwa watengeneza programu na kuuita Daraja. Kupitia hapo, duka linaweza kumwombea mteja malipo, yeye anabaki kuhakikisha kwa namba yake ya siri. Mlango huo una masharti yake. Namba ya simu, kwa mfano, inaandikwa kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha mbele.

Fundi mwanadamu akikosea sharti kama hilo, anasoma tena, anauliza mwenzake, anajaribu kesho yake. Mjumbe wa akili bandia yeye amepewa karatasi fupi tu: jina la chombo, kazi yake, vitu ambavyo kinaomba, na namna jibu linatoka. Karatasi hiyo ndiyo maelezo ya chombo. Haoni ndani ya chombo chenyewe.

Ni sawa na kutuma mtoto dukani, tena mtoto mgeni aliyefika jana kutoka Kinshasa. Ukimwambia tu « lete ya elfu moja », ataenda. Lakini mtoto akishindwa anaweza kurudi mikono mitupu na kuuliza. Mashine mara nyingi hairudi mikono mitupu. Pale kwenye hakukuandikwa kitu, inakisia, kisha inaleta jibu kwa lugha safi kana kwamba ina hakika.

Uvira ipi?

Jina lenyewe la Uvira linatosha kuonyesha shida. Kuna mji wa Uvira. Kuna teritwari ya Uvira, inayopanda mpaka Lemera na kufika Sange na Luvungi mu bonde la Ruzizi. Kuna tena zoni ya afya ya Uvira, ambayo mipaka yake si ile ya mji wala ile ya teritwari, kwa sababu ndani ya teritwari kuna pia zoni za afya za Ruzizi, Lemera na Milima Mirefu ya Uvira.

Chombo kikiandikwa tu « kinatoa hesabu ya wagonjwa kwa Uvira », mjumbe ataulizwa juu ya mji na ataleta hesabu ya zoni nzima ya afya. Ao ataulizwa juu ya teritwari, na wagonjwa wa Lemera hawatahesabiwa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema « Uvira ».

Kiswahili kinaongeza yake. Wengi wanasema « eneo la afya » kwa zoni yote ya afya, na wanasema vilevile « eneo la afya » kwa kile kipande kidogo kinachozunguka kituo kimoja cha afya. Kimoja kiko ndani ya kingine, na zoni moja inabeba vipande vingi. Anayeandika maelezo lazima aseme wazi anamaanisha kipi.

Juu ya maji, hatari ni kubwa zaidi. Mulongwe ni mto na ni mtaa. Kavimvira ni mtaa, ni mto, na ni jina la mpaka wa kuingia Burundi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mito ya Uvira ilifurika, Mulongwe kati yake. Watu walifariki na nyumba nyingi zilibomoka. Mu 2024, taabu ilitoka upande mwingine: ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia mu nyumba na barabara za kando yake. Mto unakuja kwa usiku mmoja, ziwa linapanda polepole kwa wiki na miezi. Wa kwanza unaomba watu wakimbie sasa hivi. La pili linaomba watafutiwe pa kuhamia.

Chombo cha kupokea habari za mafuriko ambacho kinaomba tu « jina la mahali » kitachanganya mambo hayo mawili. Chombo kizuri kinaomba vitu vitatu: mtaa, chanzo cha maji (mto, ziwa ao mvua), na saa ambayo maji yalionekana. Kisha kinaongeza: « Mtu akisema Mulongwe ao Kavimvira bila kufafanua, muulize kwanza. »

Franka ya wapi, saa ya wapi?

Kutoka Uvira mpaka Bujumbura si mbali. Watu wanavuka mpaka kwa soko, kwa masomo na kwa matibabu. Mifukoni mwao kuna franka ya Kongo, franka ya Burundi na dola ya Marekani. Mu RDC, akaunti ya feza ya simu, kama M-Pesa ya Vodacom, inaweza kubeba dola na franka ya Kongo kila moja pembeni yake. Wengine wanashika namba mbili ao tatu: ya Kongo inayoanza na 243, ya Burundi 257, na kwa wanaofanya biashara na Kigoma, ya Tanzania 255.

Mu mazingira hayo, sehemu ya fomu iliyoandikwa « kiasi » ni mtego. Makumi tano ya nini? Kambisti anajua kuuliza. Mashine iliyofundishwa zaidi na maandishi ya Marekani na Ulaya inaweza kuchukua kwamba ni dola. Na « franka » peke yake haimalizi neno, kwa sababu franka ya Kongo na ya Burundi hazina bei moja.

Saa nayo ni vile. RDC iko na saa mbili tofauti: mashariki, Uvira ikiwa ndani, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Burundi inafuata saa sawa na ya Uvira, lakini Tanzania iko saa moja mbele tena. Juu ya hayo, kuna saa ya Kiswahili. Saa mbili ya asubuhi ni 8:00 kwa Kifaransa. Mashine ikisoma « boti inatoka Kalundu saa 2 », bila maelezo mengine, inaweza kumwambia msafiri kwamba boti inatoka saa nane ya usiku ao saa nane ya mchana. Msafiri wa Baraka atakuta boti imeishatoka zamani.

Hata tarehe inaumiza. 03/04 kwa mtu wa Uvira ni tarehe 3 ya mwezi wa nne. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Dawa yake ni sentensi moja mu maelezo: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na saa ya Uvira kwa hesabu ya 0 hadi 24.

Sifuri ao kimya?

Kosa linaloweza kuua zaidi ni lile ambalo halionekani. Wizara ya afya ya RDC inakusanya takwimu za vituo vya afya mu programu inayoitwa DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na inayotumiwa na inchi nyingi za Afrika. RDC iko na zoni za afya 519; Kivu Kusini peke yake iko na 34. DHIS2 nayo iko na mlango wa API, ndiyo maana mjumbe wa akili bandia anaweza kuunganishwa nayo.

Sasa, mu DHIS2 kuna jambo ambalo watumishi wa takwimu wanalijua vizuri. Kwa kawaida programu haihifadhi sifuri, isipokuwa aliyeitengeneza amesema kwamba kwa takwimu hiyo sifuri ina maana. Kwa hiyo kisanduku kikiwa kitupu, kinaweza kusema mambo mawili: hakukuwa na mgonjwa hata mmoja, ao hakuna aliyetuma ripoti.

Mu Kivu Kusini tofauti hiyo si ya karatasi. Kituo cha milimani kinaweza kukosa rezo. Barabara inaweza kukatwa na mvua. Wakaaji pamoja na muuguzi wao wanaweza kuwa wamekimbia vita. Kituo kinanyamaza kwa sababu mambo ni mabaya, si kwa sababu ni mazuri.

Mfano: shirika linauliza mjumbe, « Ni zoni gani hazikuwa na kolera wiki iliyopita? » Kama maelezo ya chombo hayasemi maana ya kisanduku kitupu, mjumbe ataweka ndani ya orodha zoni zote zilizonyamaza. Klore na serumu zitapakiwa kwa gari linaloelekea upande mwingine. Sentensi moja ingeweza kuzuia hilo: « Kisanduku kitupu maana yake ripoti haikufika, usikisome kama sifuri. Toa orodha ya zoni ambazo hazikutuma ripoti, peke yake. »

Vilevile kwa neno « mgonjwa wa kolera ». Kuna mgonjwa anayeshukiwa na kuna mgonjwa aliyehakikishwa na laboratwari. Hesabu ya kwanza kwa kawaida ni kubwa kuliko ya pili. Chombo kisiposema kinatoa ipi, mjumbe anaweza kulinganisha wiki moja ya wanaoshukiwa na wiki ingine ya waliohakikishwa, kisha atangaze kwamba kolera imepungua.

Maelezo mabaya, maelezo mazuri

Haya ni maelezo mabaya ya chombo cha feza, ya aina inayopatikana kwa urahisi:

« Tuma feza. Weka namba na kiasi. »

Na haya ni maelezo ambayo yangefaa mtu wa Uvira:

« Chombo hiki kinatoa feza kwa akaunti ya mteja na kuituma kwa namba ya simu ya RDC. Kitumie tu kama mteja amesema wazi kiasi, aina ya feza na namba. Usikitumie kwa kuangalia salio. Kwa hilo kuna chombo kingine. Namba inaanza na 243, tarakimu 12, bila alama ya kujumlisha. Aina ya feza ni CDF kwa franka ya Kongo ao USD kwa dola. Mteja akisema franka tu, muulize. Franka ya Burundi haipokelewi hapa. Feza ikiisha kutumwa hairudi yenyewe. Jibu likikawia, usitume mara ya pili: angalia kwanza kama ya kwanza ilipita. »

Mstari wa mwisho unastahili kusomwa mara mbili. Rezo ikikatika katikati ya kazi, mashine isiyoambiwa kitu inaweza kuchukua kwamba kazi haikufanyika, na kuirudilia. Mama aliyetaka kulipa bassin moja ya ndagala atajikuta amelipa mbili.

Maelezo hayo mazuri si marefu bure. Kila sentensi inazuia kosa moja linalojulikana. Yanasema chombo kinafanya nini, lini kitumiwe, lini kisitumiwe, vitu vinaandikwa namna gani, na nini kinafuata. Maneno ya kusifu kama « chombo cha kisasa, chenye nguvu » hayasaidii mjumbe kuchagua. Vyombo viwili vyenye majina yanayofanana na kazi zinazofanana navyo vinamchanganya. Ni bora kuviunganisha ao kuvipa majina yanayoachana wazi.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo pia. Chombo kikirudisha tu « kosa 400 », mjumbe atajaribu hovyo. Kikirudisha « namba haina 243 mbele, mwombe mteja namba kamili », kazi inarudi mu njia.

Karatasi haitoshi bila kufuli

Wapo watakaosema kwamba mashine zinazidi kuwa na akili, kwa hiyo shida hii itaisha yenyewe. Ni kweli zinakuwa bora kwa kukisia. Lakini hata mtu mwenye akili sana hawezi kukisia kama kisanduku kitupu cha kituo fulani ni sifuri ao kimya. Habari hiyo haiko mu akili. Iko kwa yule anayejua kituo.

Wengine wataamini maelezo kupita kiasi. Maelezo ni agizo, si kufuli, na mashine inaweza kuyasoma na bado ikakosea. Kiasi cha juu cha feza na swali la « una hakika? » kwa mteja vinapaswa kuwa ndani ya programu yenyewe, kwenye mjumbe hawezi kuviruka. Na majina ya wagonjwa ao ya waliokimbia makwao hayapaswi kupita kwa mlango ambao mjumbe anafungua.

Kuna pia hatari ya uovu. Kwa kuwa mjumbe anatii maelezo, mtu mbaya anaweza kuandika chombo chake na kuficha humo agizo, kama vile kutuma mahali pengine nakala ya habari za mteja. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanalionya jambo hilo. Chombo kisichojulikana mwenyewe kisiunganishwe na akaunti ya feza ao takwimu za afya.

Nani aandike?

Mashariki ya Kongo imeishapata somo juu ya maneno. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 mu Kivu Kaskazini na Ituri, shirika Translators without Borders lilionyesha kwamba ujumbe wa Kifaransa, ao wa Kiswahili cha vitabuni, haukueleweka vizuri na wakaaji wengi. Baadaye, wakati wa COVID-19, shirika hilo lilitoa Uji, programu ya kujibu maswali kwa Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha Kongo. Mu mambo hayo mawili ilibidi kusikiliza kwanza namna watu wanasema.

Maelezo ya vyombo yanaomba kazi ileile, ila msomaji wa kwanza ni mashine. Leo yanaweza kuandikwa na fundi aliye Kinshasa, Nairobi ao Ulaya, na si kosa lake kama hajui kwamba Kavimvira ni vitu vitatu. Anayejua ni reko anayezunguka mtaa, muuguzi anayetuma ripoti, kambisti wa mpakani, mtu wa boti wa Kalundu. Hakuna kati yao anayehitaji kujua kuandika programu. Wanaweza kuketi na fundi asubuhi moja na kuorodhesha maneno yanayochanganya, kila neno na swali la kuuliza.

Kisha kunabaki kujaribu. Wanachukua maswali ishirini ao makumi tatu ya kweli, kwa maneno ya watu wenyewe, « franka », « saa mbili » na « maji Mulongwe » zikiwemo, wanampa mjumbe na kuangalia anachagua chombo gani na anaandika nini ndani. Kwenye anakosea, wanasahihisha maelezo na kurudilia maswali yote, kwa sababu kutengeneza sentensi moja kunaweza kuharibu ingine.

Mashirika ya misaada, makampuni ya simu na huduma za serikali yataendelea kuleta programu mpya mu Uvira. Shirika la raia na viongozi wa mitaa wanazoea kuuliza mradi unagharimu feza ngapi na utamaliza lini. Sasa wanaweza kuongeza maswali mawili: mashine imeandikiwa nini juu ya Uvira, na nani wa Uvira aliyasoma maandishi hayo kabla ya kazi kuanza?